Kutambua gari la kale la Ulaya lisilo na nembo

Ukikuta gari la kale la Ulaya limetelekezwa nyuma ya gereji ya Katwe au uani mwa nyumba huko Jinja, na nembo zake zote zimeng'olewa, usianze kukisia kwa kutazama taa na grili, kwa sababu hizo ndizo sehemu ambazo mafundi hubadilisha kwa urahisi kwa kutumia vipuri vya magari mengine.

Anza na vioo. Penye kona ya kioo huwa pana chapa ndogo ya mtengenezaji: Triplex huashiria Uingereza, ilhali Sekurit huashiria Ujerumani au Ufaransa. Linganisha vioo vyote, maana kimoja huenda kiliwahi kuvunjika kikabadilishwa. Kisha fungua boneti usome majina yaliyo kwenye dinamo na stata: Lucas ni dalili ya Uingereza, Bosch ya Ujerumani, Ducellier ya Ufaransa, na Magneti Marelli ya Italia. Hao walitengeneza vifaa tu, hivyo majina yao yanakuonyesha nchi, wala si kampuni ya gari. Spana nazo husaidia, kwani boliti za magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 na 1960 ni za inchi, na za Ulaya bara ni za milimita.

Jibu lenyewe mara nyingi limo kwenye bamba lililo ndani ya boneti na kwenye herufi zilizoinuka juu ya bloku ya injini. Zisafishe kwa mafuta ya taa na brashi laini, kamwe usitumie msasa, kwa kuwa namba ikishafutika ni vigumu mno kuirudisha.