Sala wakati unga unaumuka: kazi za nyumba na imani kwa mama Mkristo

Akina mama wachanga kanisani kwetu huniuliza swali hili kuliko yote: "Mama, wewe muda wa kusali unaupata wapi?" Siupati. Nina watoto watatu, mume anayetoka alfajiri, na nyumba huku Makorora, Tanga, ambayo vumbi lake halijui Jumapili. Muda huo nauchomoa ndani ya kazi zenyewe, kwa sababu kazi za nyumba zimejaa kungoja. Unangoja mkaa ushike, maharage yaive, unga uumuke. Mwanamke asiyeijua kazi yake hushinda anakimbizana nayo, na hata pale pa kungoja hapaoni. Kwa hiyo nasema anza na kazi. Ijue vizuri, ndipo utaona sala inaingia wapi.

Tafuta mwanamke mmoja, usimame jikoni kwake

Mimi nilikulia Dodoma, nyumbani kwenye dada wa kazi, halafu nikaenda bweni. Naolewa Tanga najua wali wa mafuta na chai. Nazi nilikuwa naila, kuikuna sijawahi. Simu imejaa video za mapishi na mimi huzitazama, lakini video haiwezi kukushika mkono ikakwambia "bado kidogo, ponda tena."

Paulo alimwagiza Tito kwamba wanawake wazee wawafundishe wanawake vijana (Tito 2:3-5). Somo hilo tunalisikia sana kwenye send-off, kisha bibi harusi anakabidhiwa seti ya masufuria na kila mtu anarudi kwake. Hao wazee hawatakuja kukugongea mlango, waendee wewe. Na usiende na ombi kubwa la "nifundishe kupika", utajibiwa kwa kicheko. Sema hivi: "Shikamoo mama. Nimesikia kesho unapika kisamvu, naomba nije nisimame." Nenda na nazi zako mbili, jifunge khanga, na ukifika usikae kwenye kiti cha mgeni. Shika mchi.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mama mkwe, Mbondei wa upande wa Magila, Muheza. Alifundisha kwa maneno machache mno. Akipekecha bada, yaani ugali wa muhogo, alikuwa na zaburi mdomoni, na ukimuuliza kitu katikati ya mstari anamaliza mstari kwanza. Wa pili ni jirani yangu, Mwislamu, ndiye aliyenifundisha samaki. Kuna dada mmoja aliwahi kuniuliza kama hilo halileti shida kiimani. Samaki wa bahari hii ni mmoja, na aliyezaliwa pwani anamjua kuliko mimi wa Dodoma.

Ukiweza, jiunge na akina mama wa kanisa lako. Wakatoliki wana WAWATA, yaani Wanawake Wakatoliki Tanzania, tangu mwaka 1972. Sisi Waanglikana tuna Umoja wa Mama, ulioanzishwa Uingereza mwaka 1876 na Mary Sumner, mke wa mchungaji wa kijiji cha Old Alresford. Mjukuu wake wa kwanza alipozaliwa ndipo alipokumbuka alivyokuwa mwenyewe alipopata mtoto wa kwanza, mzigo mkubwa na mtu wa kumwelekeza hakuna. Akawaita wanawake wa parokia nyumbani kwake, na siku ya kwanza ilipofika sauti ikamkauka kwa woga, ikabidi waambiwe warudi wiki inayofuata. Huwa nawasimulia hili akina dada wanaokaa viti vya nyuma, wanaoogopa kuuliza hata namna ya kumnyonyesha mtoto.

Kazi moja, mpaka mkono uzoee

Usijifunze mambo kumi kwa mpigo. Chagua kazi moja, uirudie mpaka uweze kuifanya huku unaongea na mtoto. Na tafadhali, yule mke mwema wa Mithali 31 usimgeuze fimbo ya kujichapia. Soma mstari wa 15 vizuri: ana wajakazi. Halafu shamba lake, mizabibu yake na mishipi anayowauzia wafanyabiashara ni habari za maisha mazima, hakuna mahali palipoandikwa ni za Jumatatu.

Kwa Tanga, ningekushauri uanze na tui, maana bila tui hapa umepika nusu. Nazi iliyokomaa ukiitikisa utasikia maji yake. Ikune kwenye mbuzi ya nazi, usifike kwenye kifuu chenyewe, machicha yataingia weusi. Tia maji ya vuguvugu kidogo, kamua, chuja: hilo ndilo tui la kwanza, zito, liweke kando. Ongeza maji, kamua tena upate tui la pili, jepesi. Mboga au maharage huivia kwenye tui la pili. La kwanza linaingia mwishoni, moto ukiwa mdogo, na unakoroga taratibu bila kuondoka mpaka lichemke. Ukiliacha likatokota peke yake kwa moto mkali, linakatika.

Kisamvu kina sharti lake. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, hivyo hayapikwi mazima kama mchicha. Yatwange hasa, kisha yachemshe kwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi, ili sumu itoke na mvuke. Saa nzima si nyingi. Tui na karanga vinafuata baadaye.

Kuhusu samaki, nenda soko la Deep Sea asubuhi mashua zikiingia. Angalia macho yawe angavu na yamejaa, mashavu yawe mekundu kwa ndani, na nyama ukiibonyeza irudi. Jicho likishaingia ndani, hata bei ikishuka vipi, pita. Mboga za Lushoto, kabichi na karoti, nazichukua soko la Mgandini, na huko siendi bila karatasi ya mahitaji, la sivyo hela ya mkaa inaishia kwenye machungwa ya Muheza.

Maandazi, na pale sala inapoingia

Maandazi nayaeleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo yaliyonipa mpango wangu wote.

Chukua nusu kilo ya unga wa ngano, vijiko vinne vya chakula vya sukari, kijiko kimoja cha chai cha hamira ya chembechembe, chumvi kidogo sana, na hiliki ulizozitwanga mwenyewe. Changanya vikavu kwanza. Pasha tui liwe vuguvugu, liwe la kuvumilika ukitia kidole, kwa maana tui la moto linaua hamira na utakaa ukingoja unga uliokufa. Mimina kidogo kidogo, kama kikombe kimoja na ushee, huku unakanda. Kanda dakika kumi hadi kumi na tano, mpaka donge liache kushika mkono. Funika na kitambaa kibichi. Kwa joto la Tanga, saa moja inatosha, na mwezi wa pili hata kabla ya hapo limeshajaa mara mbili. Gawanya madonge, sukuma nene kidogo, kata, acha yapumzike robo saa, kisha kaanga kwa moto wa wastani. Mafuta yakiwa makali sana, nje yataungua na ndani utakuta mbichi.

Sasa ile saa ya kuumuka. Usijiwekee nadhiri ya kusali saa nzima, hutaiweza, na kesho utaiogopa. Mimi hutumia Zaburi 119. Ina mistari 176, na imegawanywa mafungu 22 ya mistari minane minane. Fungu moja linaisha kabla ya mikono kukauka. Naliandika kwenye karatasi, naitia ndani ya bahasha ya plastiki, naibandika ukutani juu ya meza ya kukandia, kwani Biblia yenyewe na mikono ya unga haviendani. Nasoma kwa sauti. Kisha nawataja watu watatu kwa majina mbele za Mungu, mmoja wao akiwa mtu ninayemkasirikia wiki hiyo. Halafu nakwenda kufagia. Wiki nzima fungu ni hilo hilo, kila nikifika mezani nalirudia, na kufika Jumamosi nalijua kwa kichwa bila kujilazimisha.

Kila kazi ina sala yenye kimo chake. Kuwasha mkaa ni Baba Yetu na shukrani moja. Kuchambua mchele ni kuombea watoto, mmoja mmoja. Maharage (yaloweke usiku kucha, utaokoa mkaa mwingi) yana nafasi ya kusoma sura nzima ya Injili, ukikaa karibu ili maji yasikauke. Kupiga pasi sikuwekea chochote. Pasi ya mkaa inataka macho, na shati jeupe la shule likiungua ni gharama.

Wapo watakaokukumbusha Martha na Mariamu (Luka 10:38-42), kwamba Martha alikaripiwa kwa sababu ya jiko. Soma tena. Bwana alimwambia anasumbuka kwa ajili ya vitu vingi. Hakumwambia azime moto. Na ukiendelea hadi Yohana 11:27, ni Martha huyo huyo anayekiri kwamba Yesu ndiye Kristo, Mwana wa Mungu. Katika sura ya 12 yuko tena anahudumu mezani, na safari hii hakuna neno la kulalamika. Mahubiri mengi yanaishia Luka, sijui kwa nini.

Daftari

Hapa sitakawia. Nunua daftari la kawaida. Pesa ikiingia, kabla haijazoea mkono, itenge: sadaka kwanza, kisha kodi, ada, chakula, mkaa, na fungu dogo la ugonjwa. Andika kila kinachotoka, hata cha vitumbua. Mwisho wa mwezi kaeni wewe na mwenzako mlisome pamoja, mkianza kwa sala fupi, kwa kuwa mazungumzo ya pesa bila sala nyumbani kwetu huwa marefu. Kikoba ni kizuri, ila usiingie viwili kwa wakati mmoja ukitegemea kimoja kilipe kingine.

Watoto

Kumbukumbu la Torati 6:7 linataja mahali pa kufundishia neno: uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo na uondokapo. Darasa halimo. Njia ya kwenda shule inatosha kwa sentensi moja ya Baba Yetu. Siku tano sentensi hiyo hiyo, wiki ijayo inayofuata. Mtoto wangu mdogo aliposhika "utupe leo riziki yetu" akaniuliza kama chapati ni riziki. Nikamwambia ndiyo, na tulipofika nyumbani akaja kunisaidia kuzisukuma. Zilitoka ramani za nchi zisizojulikana, tukazila.

Wavulana nao waingie jikoni. Wangu wa kwanza anaosha vyombo, anaweza kukuna nazi, na anashona kifungo chake mwenyewe. Shangazi zake walinung'unika. Nikawaambia Yesu mfufuka aliwachomea wanafunzi samaki juu ya mkaa kando ya bahari (Yohana 21:9), wakanyamaza kwa siku hiyo.

Sala ya jioni iwe fupi. Wimbo mmoja, zaburi (ya 121 ina mistari minane tu), kila mtoto ashukuru kwa jambo moja, mwisho. Ukiivuta watalala na watakumbuka kwamba sala ni usingizi. Umeme ukikatika endeleeni vivyo hivyo. Kwetu ndizo siku wanazoimba kwa nguvu.

Sahani ya jirani

Huwezi kuishi Tanga ukajifunza unyumba bila majirani. Mwezi wa Ramadhani sahani za futari huja kwangu, na sahani hapa hairudi tupu, hata iwe na ndizi mbili. Mchana wa mwezi huo situmi watoto kula nje barazani. Kwaresima nikifunga, jirani yangu hunitania, "Leo na wewe zamu yako," na ananipunguzia harufu ya vitumbua dirishani.

Krismasi na Pasaka napika pilau ya kutosha nyumba za pande zote. Kuku ninampeleka kwa jirani mapema achinjwe na Mwislamu, ili sahani zikitoka kila mtu ale bila wasiwasi. Nyama nyingine ambayo wao hawaili haiingii kwenye masufuria hayo hata siku moja, na hilo wanalijua, ndiyo maana wanakula kwangu. Pilau ya watu wengi pika kwa mchele uliochambuliwa tangu jana yake, vitunguu vikaange mpaka viwe kahawia kabisa maana ndiyo rangi yake, na maji yapime kwa kikombe kile kile ulichopimia mchele. Yakishakauka, funika, weka makaa machache juu ya mfuniko. Kuanzia hapo una kama nusu saa kabla watoto hawajaanza kupeleka sahani.