Kufufua Yamaha DT125 ya zamani kwa pesa kidogo: sili za injini kwanza, rangi mwisho

Hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mtu akiniletea pikipiki ya tuu-stroki (injini ya mapigo mawili) iliyolala miaka kumi, swali lake la kwanza nalijua kabla hajashuka kwenye pikapu: "Fundi, rangi itakula ngapi?" Rangi ndiyo kitu cha mwisho nitakachozungumza naye. Nimeona DT zilizong'aa kama zimetoka dukani zikirudi baada ya wiki mbili, injini imeshika (pistoni imekwama ndani ya silinda), na mwenyewe hana hata shilingi ya kufungua silinda kwa sababu pesa yote iliishia kwenye rangi na stika.

Mwongozo huu ni wa DT125 inayopozwa na hewa, ile iliyobeba wahudumu wa afya na watu wa mashirika kwenye barabara za vumbi kabla Bajaj Boxer haijajaa kila kona. Ukiwa na Yamaha AG100 au Suzuki TF125, kazi ni ileile, vipimo tu ndivyo vinavyobadilika.

Hatua ya 1: Nunua mzoga uliokamilika

Yangu niliikuta nyuma ya banda la kuku la mzee mmoja aliyestaafu kazi ya chanjo. Alitaka laki tano, tukamalizana kwa laki tatu na nusu, na kuku mmoja akaingia kwenye hesabu, sijui hata kwa nini. Kutu haikunitisha. Nilichotazama ni kama vitu vyote vipo: magneti (gurudumu la sumaku linalozalisha umeme wa plagi), kabureta, kifuniko cha klachi, pampu ya oili. Spea ndogondogo zinapatikana soko la Kisekka, Kampala, na ukishalipa kwa simu zinapanda basi la usiku, asubuhi ziko Arua. Lakini magneti nzima ya DT kuitafuta peke yake inaweza kukugharimu kuliko mzoga wenyewe.

Linganisha namba ya fremu iliyogongwa kwenye shingo ya usukani na namba iliyo kwenye kadi. Zisipolingana, mshukuru muuzaji na uende zako, hata kama bei ni tamu.

Kiki ikikataa kushuka, usiisimamie kwa miguu miwili. Toa plagi, mimina dizeli iliyochanganywa na oili kidogo kwenye tundu, iache siku mbili au tatu. Halafu weka gia ya juu na uitikise pikipiki mbele na nyuma polepole. Pistoni nyingi huachia hivyo.

Hatua ya 2: Fungua kwa utaratibu

Piga picha kwa simu kabla ya kugusa kila nati. Skrubu na bolti ziweke kwenye trei la mayai, kila shimo na kazi yake, na uandike kwa kalamu. Zile skrubu za kifuniko cha magneti zikiwa zimekaa miaka, bisibisi ya kawaida itazila vichwa. Tumia bisibisi ya kugonga kwa nyundo. Kama huna, azima.

Magneti usiitoe kwa kuipiga. Tengenezewa puli yake ya kuing'olea na fundi wa lathi (mashine ya kuchonga chuma). Ni kipande kidogo cha chuma chenye uzi, na kitakutumikia maisha yako yote. Ukiipiga nyundo utapindisha krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), na krenki iliyopinda haiponi kwa maneno matamu.

Hatua ya 3: Pima upepo kabla ya kununua kitu chochote

Hatua hii ndiyo wengi wanairuka, na ndiyo iliyonifundisha kazi. Injini ya mapigo mawili haina valvu kama za Boxer. Petroli na hewa hupita kwanza chini, ndani ya kesi inayobeba krenki, halafu pistoni ikishuka inavisukuma juu kwenye silinda. Maana yake ile kesi lazima izibe kabisa. Kila upande wa krenki una sili ya mpira. Sili ya upande wa magneti ikichoka, injini inavuta hewa ya ziada, petroli inakuwa haba, na oili inayosafiri pamoja na petroli inakuwa haba vilevile. Ya upande wa klachi ikichoka, injini inakunywa oili ya gia: moshi mweupe usioisha, na oili ya gia inapungua wakati hakuna tone lililoanguka chini.

DT yangu ya kwanza niliipa ringi mpya za pistoni na plagi mpya, nikaona nimemaliza. Ilikuwa inawaka vizuri. Ila saileni (mwendo wa injini bila kuvuta akseleta) haikutulia: mara inapanda yenyewe, mara inashuka. Nikalaumu kabureta, nikaifungua mara tatu. Siku moja nimeteremka kutoka Nebbi kwenda Pakwach, nimefika tambarare, jua la saa nane, nikasikia mlio mwembamba kama filimbi, kisha gurudumu la nyuma likafunga. Pistoni ilikuwa imejipaka kwenye silinda kama siagi kwenye mkate. Sili mbili za bei ya sahani ya wali zilikula pistoni, silinda na nauli ya lori.

Kifaa cha kupimia kinauzwa ghali, kwa hiyo tengeneza chako. Tafuta mashine ya mkono ya kupimia presha ya damu iliyochakaa, ile ya kufunga mkono na kuminya pampu ya mpira. Unachohitaji ni pampu yake na saa yake ya mshale tu. Saa hiyo inasoma hadi 300, na 300 ya mashine ya presha ni karibu psi 6, kiasi hasa kinachofaa injini hii. Usitumie kompresa ya kujazia matairi, maana utang'oa sili nzima.

Toa kabureta na bomba la moshi. Ziba tundu la moshi kwa kipande cha mpira wa tyubu na bamba la bati lililofungwa kwa bolti zilezile. Pa kabureta weka bamba jingine lenye valvu ya tyubu, uunganishe mpira wa pampu. Ziba pia kimrija kidogo kinacholeta oili kutoka kwenye pampu ya oili. Shusha pistoni chini kabisa, rudisha plagi, minya hadi 250 au 300, kisha subiri dakika tano. Mshale ukikaa au ukishuka kidogo sana, una bahati. Ukianguka, paka maji ya sabuni kwenye maungio, chini ya silinda, chini ya plagi, na nyuma ya magneti. Povu litakuonyesha. Kama hakuna povu popote na mshale unashuka, fungua kifuniko cha oili ya gia uweke sikio: ukisikia upepo, ni sili ya upande wa klachi.

Hatua ya 4: Sili na beringi

Kwa pikipiki iliyolala miaka mingi, mimi hubadilisha sili hata kama zimefaulu mtihani, kwa sababu mpira mkavu hufa siku za kwanza za joto. Kwenye sili ya zamani zimechapwa namba tatu: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene. Beringi nazo zina namba. Beba namba hizo uende duka la beringi, si duka la pikipiki. Kitu ni kilekile, bei ni tofauti. Beringi za krenki ziwe zimeandikwa C3, maana zina nafasi kidogo zaidi ya kupanukia zikipata moto.

Shika konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki), ivute juu na chini. Ikicheza hata kidogo, krenki iende kwa fundi wa lathi mwenye mashine ya kuibana na kuinyoosha. Kucheza kidogo kushoto na kulia si kosa.

Kuingiza beringi bila presi: weka kesi juu ya sigiri yenye makaa ya wastani, na beringi kwenye friza ya jirani anayeuza soda, zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Ukinyunyizia kesi tone la maji na likaruka na kukauka hapohapo, imefika. Dondosha beringi, nayo itaingia yenyewe kwa sauti ya "tok". Ukianza kutafuta nyundo, kesi haijapata moto wa kutosha.

Hatua ya 5: Silinda na pistoni

Silinda ya DT125 ikiwa mpya ina kipenyo cha milimita 56. Sukuma ringi peke yake ndani ya silinda, iweke sawa kwa kuisukuma na kichwa cha pistoni, kisha pima pengo la ncha zake kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi). Kati ya 0.2 na 0.35 mm ni nzuri. Likifika 0.7, pesa ya ringi tupu ni pesa ya kuchoma. Silinda imepanuka, inataka kuchongwa.

Pistoni za ovasaizi (kubwa kidogo kuliko ya mwanzo) zinapanda kwa 0.25 mm: 0.25, 0.50, 0.75, 1.00. Nunua pistoni kwanza, halafu umpelekee fundi pamoja na silinda achonge kufuata ile pistoni uliyoishika mkononi. Wanaochonga kwanza na kutafuta pistoni baadaye huja kwangu wakiwa na uso mrefu.

Mafundi wengi siku hizi wamezoea silinda za mapigo manne, ambazo hazina matundu ubavuni. Ya tuu-stroki inayo, na baada ya kuchonga kingo zake zinakuwa kali kama wembe. Mwambie azilainishe, au fanya mwenyewe kwa msasa laini uliozungushwa kidoleni, mpaka ukucha upite bila kukwama. Usipofanya hivyo, ringi itanasa kwenye tundu na kuvunjika. Mshale wa kichwa cha pistoni utazame upande wa moshi. Ncha za ringi zikae kwenye pini zake ndogo zilizo ndani ya mfereji wa ringi, na klipu za pini ya pistoni ziwe mpya.

Hatua ya 6: Tanki, kabureta, bomba la moshi

Tanki lenye kutu lioshe kwa molasi, ile wanayouziwa wafugaji wa ng'ombe kutoka viwanda vya sukari. Toa koki na kifuniko, ziba, jaza sehemu moja ya molasi kwa tisa za maji, liache wiki mbili. Linanuka, na nyuki watakutembelea. Kutu itatoka bila kuchuna chuma. Suuza, likaushe upesi juani, kisha zungusha ndani petroli yenye oili nyingi. Kabureta usiiweke humo, molasi inakula alumini. Na tanki lenye tundu usimpe mchomeleaji likiwa na hewa tupu: lijazwe maji kwanza. Mvuke wa petroli hubaki hata baada ya miezi, na tanki hulipuka kama bomu.

Kabureta ifungue yote, uichemshe dakika chache kwenye maji ya limau, uisuuze vizuri. Jeti (vitundu vidogo vinavyopitisha petroli) usizisafishe kwa waya, zitapanuka na hesabu ya petroli itapotea. Unyasi mmoja wa ufagio unatosha. Skrubu ya hewa ifunge kabisa, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu.

Bomba la moshi lililoziba kwa masizi lichomwe kwenye makaa, au lijaze soda kali ya watengeneza sabuni iliyoyeyushwa kwa maji, usiku mmoja. Vaa glavu na miwani. Soda hiyo pia ni adui wa alumini.

Hatua ya 7: Umeme

Safisha waya ya ardhi mpaka chuma king'ae, kwa sababu nusu ya matatizo ya umeme ni hapo. Pikipiki ya platini (vidoto vya chuma vinavyokata umeme ili plagi itoe cheche), zisafishwe kwa msasa laini na kipande cha karatasi; ya CDI, yaani inayotumia kiboksi cha elektroniki badala yake, haina cha kurekebisha. Chomoa waya wa swichi ya kuzimia kabla hujatangaza kwamba koili imekufa. Plagi nunua mahali unapopaamini, feki ni nyingi.

Hatua ya 8: Kuwasha na kuzoesha

Tanki la kwanza changanya oili ya tuu-stroki moja kwa moja na petroli, hata kama pampu ya oili ipo, kwa sababu bado ina hewa ndani. Tumia 40 ml kwa kila lita, yaani moja kwa 25. Sirinji ya 20 ml kutoka duka la dawa, mara mbili, umemaliza. Ukishaitoa hewa pampu na kuona oili inasogea kwenye mrija, rudi kwenye petroli tupu. Oili ya gia ni nyingine kabisa, isichanganywe na hii.

Iwashe, ipate joto, izime, ipoe mpaka uweze kuishika silinda. Rudia mara mbili, kisha kaza tena nati za hedi (kifuniko cha juu cha silinda). Kilomita 500 za kwanza usivute akseleta hadi mwisho wala kupanda na mizigo. Kwenye mteremko mrefu usifunge akseleta ukaiacha gia ikushikie, maana petroli ikikatika na oili imekatika. Bana klachi, au fungua akseleta kidogo kila mara. Plagi ikitoka na rangi ya kahawa yenye maziwa, endelea. Ikiwa nyeupe, simama, rudi kwenye mashine yako ya presha.

Hatua ya 9: Rangi

Sasa tunaweza kuzungumza. Msasa namba 120, kisha 400, praima, rangi. Spreyi za kopo za bei rahisi zinayeyuka petroli ikimwagika, na kwenye tanki itamwagika tu. Kwa hiyo tanki lipeleke kwa mpaka rangi wa magari, alipige rangi yenye hadna (dawa ya kuigandisha) na vanishi juu yake. Fremu ipake mwenyewe kwa brashi. Yangu niliipaka nyeusi, na madigadi bado ni yaleyale ya yule mzee, na mikwaruzo yake yote.