Waipa za otomatiki zinafuta kioo kikavu na kulala mvua ikinyesha? Anza na kioo, si sensa

Wiki iliyopita shemeji alinipigia simu akiwa amechoka kabisa. Gari lake lilikuwa limebadilishwa kioo cha mbele, na tangu siku hiyo waipa hazikumpa raha. Jua linawaka, zinakwaruza kioo kikavu. Manyunyu yakianza, zimelala mpaka haoni mbele. Alikuwa ameshaambiwa kwamba sensa ya mvua imekufa, anunue nyingine. Nikamwomba asinunue chochote mpaka nifike. Kazi ilichukua saa moja, na sensa ileile ya zamani ndiyo anayoendeshea hadi leo.

Ilichukua saa moja kwa sababu miaka kadhaa nyuma tatizo hilohilo lilinila siku mbili kwenye gari langu mwenyewe. Tangu hapo nimelikuta kwa watu wengi, na karibu wote walianzia kwenye kompyuta au kwenye sensa mpya, wakati kosa lilikuwa kwenye kioo.

Kabla ya kushika kitu, elewa sensa inaona nini

Sensa ya mvua haioni mvua. Inaona kioo. Imebanwa kwa ndani juu ya kioo cha mbele, nyuma ya kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma. Ina taa ndogo za mwanga wa infraredi, ambao jicho haliuoni, na vipokezi vya kuupokea mwanga huo ukirudi. Mwanga unaingia kwenye kioo kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi. Upande wa nje ukiwa mkavu, mwale ukifika kwenye uso wa kioo hauwezi kutokea hewani, kwa kuwa kioo kinapokutana na hewa hurudisha ndani kila mwale uliolala kupita nyuzi 42 hivi. Tone la maji likitua pale pale, kikomo hicho kinapanda hadi nyuzi 62 hivi. Mwale wa nyuzi 45 sasa unapenya na kupotelea kwenye tone. Mwanga unaorudi unapungua, na sensa inaamua kwamba ni mvua.

Shika jambo hilo moja na mengine yote yatajieleza. Chochote kinachoiba mwanga njiani, sensa inakihesabu kuwa maji: utando wa mafuta, mstari wa maji ulioachwa na raba mbovu ya waipa, ufa mdogo, kiputo cha hewa kati ya sensa na kioo. Tena eneo inalolitazama ni dogo, sentimita chache tu. Matone yanaweza kukujaa mbele ya macho huku eneo lile halijapata hata moja. Hilo si ubovu, ndivyo kifaa kilivyo, na hakuna fundi atakayekuondolea.

Hata kabla ya infraredi mambo yalikuwa hivyo. Citroën SM ya mwaka 1970 ilikuwa na waipa zilizojirekebisha kwa kupima umeme uliovutwa na mota yake, kwa kuwa raba ikipita kwenye kioo kinachokauka msuguano unaongezeka na mota inavuta zaidi. Na hapo pia kilichopimwa kilikuwa kioo.

Hatua ya 1: Hakikisha otomatiki imewashwa kweli

Peleka leva ya waipa kwenye AUTO. Kuna magari ambayo, ukizima na kuwasha tena, hukudai uitoe leva hapo na kuirudisha ndipo sensa ianze kazi. Wengi hawalijui hilo, wanadhani sensa inafanya kazi siku nyingine na nyingine inagoma. Kisha tazama kipete au kitelezi kwenye leva: kile si cha kasi tena, ni cha wepesi wa sensa kuitikia. Kiweke katikati wakati wa majaribio yote.

Kama gari lako halina sensa hii bali linatambua mvua kwa kamera, kama zilivyo Tesla nyingi, hatua ya 4 na ya 5 hazikuhusu. Kwako kazi ni kusafisha kioo mbele ya kamera, nje na ndani, na kuhakikisha programu ya gari ni ya karibuni.

Hatua ya 2: Osha kioo na uangalie raba

Zima swichi ya gari kwanza. Zima hasa, usiridhike na kusimamisha gari tu. Kitambaa chenye maji kikipita mbele ya sensa iliyo hai, waipa zinaruka papo hapo, na mkono wa waipa una nguvu ya kukuumiza vidole.

Osha kwa maji na sabuni, kisha pitisha spiriti ya isopropili kwa kitambaa cha maikrofaiba, ukikazania eneo la sensa. Kama umewahi kupaka ile dawa ya kufanya maji yateleze kwenye kioo, itoe hapo mbele ya sensa. Najua inapendwa, na kwingine kwenye kioo sina ugomvi nayo. Lakini inayakusanya maji kuwa matone yanayokimbia haraka, na sensa inabaki na picha isiyo sahihi ya mvua yenyewe. Mimi kwenye magari yenye otomatiki siipaki mbele ya sensa, na sioni sababu ya kuipaka.

Raba zikiwa zimekauka, zina nyufa au zinaacha mistari, badilisha. Mstari mmoja wa maji unaobaki mbele ya sensa kila waipa ikipita unatosha kuifanya ifute bila kikomo: inafuta, mstari unabaki, sensa inaona maji, inafuta tena. Nimeona watu wakibadilisha sensa kwa kosa la raba.

Hatua ya 3: Jaribio la chupa ya kunyunyizia

Washa swichi, weka AUTO, kaa mbali na kioo. Nyunyiza maji kidogo kwenye eneo la sensa peke yake.

Zikifuta mara moja au mbili na kutulia, mfumo ni mzima. Tatizo lako lilikuwa uchafu, raba au kipete. Ishia hapa.

Zikianza kufuta kabla hata hujanyunyiza, au zisipotulia kioo kikishakauka, mwanga unapotelea mahali. Endelea na hatua ya 4.

Zisipoitikia kabisa, jaribu kwanza waipa kwa mkono, kasi ya chini na ya juu. Zikienda, mota na fyuzi yake ni nzima, na kilichobaki ni sensa, waya wake au jeli inayoiunganisha na kioo. Endelea pia.

Hatua ya 4: Chungulia kwa nje

Simama nje na tochi ya simu, uimulike sensa kwa mshazari kupitia kioo. Uso wake unatakiwa uonekane mweusi sawasawa, kama umelowa. Ukiona madoa yanayong'aa kama fedha, hivyo ni viputo vya hewa, na jibu umelipata. Kwenye gari la shemeji kulikuwa na kimoja kikubwa kama punje ya dengu, katikati kabisa. Tazama pia kama kuna ufa au kokoto iliyokidonoa kioo mahali hapo. Kama upo, jeli mpya haitasaidia kitu.

Hatua ya 5: Kutoa sensa na kuweka jeli mpya

Hapa ndipo siku zangu mbili zilipopotelea, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Kati ya sensa na kioo kuna kipande chembamba cha jeli ya silikoni, angavu kabisa. Kazi yake ni kuondoa hewa ili mwanga uvuke kutoka kwenye sensa hadi kwenye kioo bila kukatika. Kioo kinapobadilishwa, mara nyingi sensa huhamishwa pamoja na jeli yake ya zamani. Jeli hiyo imeshashika vumbi na imeshavutika. Haikai sawasawa tena, inaacha hewa, na kuanzia siku hiyo gari linaona mvua kila saa.

Mimi nilipoligundua hilo sikuwa na jeli, nikatumia silikoni ya bomba, ile ya kuzibia mapengo, kwa sababu ilionekana angavu ikiwa mbichi. Waipa zilikaa vizuri jioni hiyo. Asubuhi silikoni ilikuwa imekauka na kuwa na ukungu, waipa zikarudia yaleyale, na kuikwangua kwenye uso wa sensa bila kuukwaruza kulinimalizia siku ya pili. Kwa hiyo nasema kwa moyo wote: usitumie silikoni ya kuzibia, usitumie gundi ya haraka, usitumie tepu ya pande mbili, usitumie jeli ya nywele. Nunua jeli iliyotengenezwa kwa sensa ya mvua, yenye umbo la sensa yako. Nunua mbili, kwa sababu ya kwanza unaweza kuiharibu na haioshwi ikarudi kuwa mpya. Wapo wanaoiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, na hufanya kazi kwa muda. Mimi siifanyi kazi hiyo kwa gari la mtu, kwa sababu punje moja ya vumbi inatosha kunirudisha nyuma.

Zima swichi, subiri dakika chache gari lilale. Ukichomoa plagi ya sensa swichi ikiwa imewashwa, gari litaandika kosa kwenye kumbukumbu yake na utapata kazi ya kulifuta.

Toa kifuniko cha plastiki kilichozunguka shina la kioo cha kutazamia nyuma. Kwa kawaida kina nusu mbili zilizoshikana kwa vijino. Plastiki ikiwa baridi vijino vinakatika, hivyo washa kipasha joto cha gari kwanza kama hali ya hewa ni ya baridi. Tumia kipande cha plastiki kufungulia, si bisibisi.

Sensa yenyewe imeshikwa na klipu za chuma, moja au mbili. Zisukume nje taratibu huku mkono mwingine umeishika sensa, isije ikaning'inia kwenye waya wake. Itoe kwa kuinua ukingo mmoja, usiivute moja kwa moja. Kama hakuna klipu na sensa imegandishwa kwenye kioo chenyewe, pitisha uzi wa kuvulia samaki nyuma yake na ukate kama unayepiga msumeno. Usitie kisu hapo.

Futa jeli yote ya zamani kwa vidole, kisha safisha kioo kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi. Usitumie dawa ya kusafishia vioo vya madirisha, kwani nyingi huacha utando. Mulika kwa tochi ukiwa ndani, safisha tena, mulika tena. Uso wa sensa usafishe kwa spiriti kidogo tu kwenye kitambaa, bila kuimwaga juu yake. Acha vyote vikauke kabisa.

Jeli mimi naiweka kwenye sensa kwanza, si kwenye kioo, maana sensa naweza kuigeuza mkononi na kuona ninachofanya. Bandua nailoni ya upande mmoja, gusisha ukingo mmoja, kisha ilaze polepole mpaka upande wa pili, kama unavyobandika kinga ya kioo cha simu. Bandua nailoni ya pili dakika ya mwisho kabisa. Usiguse jeli kwa kidole. Ipeleke sensa kwenye kioo ikiwa imeinama, gusisha ukingo wa chini, ilaze kwenda juu ili hewa itoroke, kisha bana klipu zote.

Toka nje na tochi. Viputo vidogo kama vichwa vya pini, vikiwa pembeni, viache. Jeli ikikaa usiku kucha kwenye gari lenye joto la kawaida, mara nyingi vinaisha vyenyewe. Kiputo kikubwa, au chochote kilicho katikati, toa uanze upya na ile jeli ya pili. Inauma, lakini ukikiacha utarudi hapa baada ya mvua ya kwanza.

Usijaribu waipa siku hiyo. Subiri kesho.

Hatua ya 6: Kompyuta, ikibidi

Rudia jaribio la chupa. Kama bado haitulii na jeli ni safi, au haiitikii kabisa, sasa ndipo unganisha mashine ya kusomea makosa. Inaweza kuonyesha kwamba mawasiliano na sensa yamekatika, na hapo utafuata waya na plagi. Yapo pia magari ambayo kioo kipya lazima kiandikishwe kwenye mfumo, au sensa mpya ifunzwe upya, na bila mashine sahihi huwezi kufanya hivyo. Sensa mpya inunuliwe baada ya yote haya, ikiwa na namba ileile ya kipuri.

Ukilipeleka gari kuoshwa kwa mashine, toa leva kwenye AUTO kabla ya kuingia. Vivyo hivyo asubuhi ya barafu, kabla hujawasha swichi, kwani raba iliyogandia kwenye kioo huchanika waipa zikianza zenyewe, na mota inaweza kuungua. Na siku ukibadilisha kioo tena, mpe fundi jeli mpya mkononi kabla hajaanza kukitoa kile cha zamani.