Somo: Kuhakiki rekodi ya dereva kabla ya kumwajiri

Kwa kuwa swali la namna ya kufanya hivi hurudi kila mtu anapotafuta dereva, naweka utaratibu wote hapa, kwa Tanzania Bara, ili wanaouliza waelekezwe kwenye somo hili.

1. Pata ridhaa ya mwombaji kwa maandishi, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za makosa kuwa nyeti.

2. Shika leseni yenyewe mkononi, si picha yake, na uilinganishe na kitambulisho cha taifa.

3. Soma madaraja: D ni gari lisilo zito wala la abiria, E ni gari zito la mizigo, C na matawi yake ni la abiria.

4. Ingiza namba ya leseni katika mfumo wa Jeshi la Polisi wa kuangalia madeni ya makosa ya barabarani. Hatua hii ndiyo inayokosewa zaidi. Wengi huingiza namba ya gari aliloendesha mwombaji, wakasahau kwamba gari hupita mikononi mwa madereva wengi, hivyo wanamhukumu mtu kwa makosa ya mwenzake. Wengine huona hakuna deni wakaridhika, ilhali faini ya shilingi 30,000 ikishalipwa haidaiwi tena, hata kama aliyelipa alikuwa akikimbiza gari mbele ya shule. Kutodaiwa si sawa na kutokosa. Vilevile usimkatae mtu kwa deni moja kabla ya kumsikiliza: wapo matajiri wanaomlazimisha dereva kutoka na matairi yaliyokwisha, kisha faini wakamwachia yeye.

5. Mpigie mwajiri wa zamani kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, umuulize kuhusu ajali na kama angempokea tena.

6. Mpe jaribio barabarani, akiwa na dereva mzoefu pembeni.

MASWALI

Mwenye Fuso: Kwa hiyo nikikuta hadaiwi, nimwajiri tu?

Jibu: Soma tena hatua ya 4.

Mgeni: Wakuu, naomba mnikagulie dereva huyu, nimeweka picha ya leseni yake hapa chini.

Jibu: Iondoe picha hiyo sasa hivi. Ridhaa aliyokupa, kama alikupa, haikuwa ya kumwanika mbele ya watu wote.

Afisa Utumishi: Kwa dereva wa basi la mikoani, je, kumbukumbu za VTS, yaani mfumo wa kufuatilia mwendo wa magari, zinaweza kutusaidia?

Jibu: Zinasaidia sana, na nashukuru kwa kuuliza. Mfumo huo wa LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, hurekodi mwendo wa basi, na pale ambapo kila dereva anatumia kitufe chake cha utambuzi, safari zake zinaweza kutenganishwa na za wenzake. Mwombe mwajiri wa zamani taarifa hizo kwa ridhaa ya dereva, kisha utafute mazoea badala ya tukio moja: anayevuka kilomita 80 kwa saa mara kwa mara anakueleza zaidi kuliko aliyevuka siku moja akilipita lori. Dai pia uthibitisho wa dereva huyo kutoka LATRA.

Dereva Mstaafu: Ongezeni hili: kabla ya jaribio, mkabidhi ufunguo na unyamaze. Anayewasha bila kuzunguka gari, kutazama matairi na kupima oili amekwisha kujieleza.

Jibu: Naliunga mkono, mzee wangu, na nitaliingiza kwenye hatua ya 6 pamoja na kipimo cha macho.