Lida ya kuvulia samaki aina ya trauti: namna ya kuichagua na kujitengenezea mwenyewe, kwa sisi wa Mufindi na Mbeya

Juzi dogo mmoja alinikuta kwenye kijito huku Mufindi, akanisalimia kamwene afu akasimama pembeni anaangalia navyorusha, mwisho akashindwa kuvumilia akauliza, kaka huo mshipi mnene hivo samaki si atakimbia? Nikamwonesha kile kipande cha mwisho ambacho hata hakukiona kwa sababu ni chembamba, nikamwambia samaki anakutana na hichi, mshipi haumfikii. Hicho kipande ndo lida, na wengi wanaoanza kuvua kwa flai, yaani kwa inzi wa bandia, huku kwetu wanahangaika na fimbo, wanahangaika na huyo inzi, lida wanaweka nailoni yoyote iliyopo. Hapo ndo wanapofelia.

Ukivua kwa chambo kinachorusha ni chubwi, lile dude zito linavuta nailoni nyuma yake. Kwenye flai ni kinyume, inzi wa bandia ni manyoya na uzi tu hana uzito wa kwenda popote, uzito uko kwenye ule mshipi mnene, na lida ndo inachukua ile nguvu ya mshipi inaipeleka mpaka kwa inzi. Angalia mjeledi wa mchunga ng'ombe, mkononi mnene afu unapungua pungua mpaka ncha, angeufunga kamba moja nyembamba kwenye mpini usingelia. Lida ni hivohivo. Ukikata nailoni ya unene wa milimita 0.20, urefu meta mbili, ukafunga kwenye mshipi, nguvu inaishia palepale kwenye fundo na nailoni inadondoka majini rundo kama tambi, trauti yuko meta moja pembeni anaangalia hilo rundo na hali kitu.

Kwa hiyo upande wa mshipini ndo muhimu kuliko wote, japo watu wote macho yao yako upande wa inzi. Jaribu hivi: shika mshipi mkono mmoja, lida mkono mwingine, fundo liwe katikati, afu kunja taratibu. Ikijikunja kama upinde, mzunguko mmoja safi, uko vizuri. Ikivunjika kona pale kwenye fundo, mwanzo wa lida yako ni mwembamba au laini mno, na hata ungekua fundi wa kurusha kiasi gani haitanyooka.

Sasa namba. Ukinunua lida ya dukani, zile zilizotengenezwa kipande kimoja kinachopungua bila mafundo, utakuta imeandikwa 4X au 5X. Hiyo X inatoka enzi ambazo nailoni haijaja, walikua wanatumia utumbo wa hariri unaotoka kwa kiwavi, wanaupitisha kwenye tundu uchongwe, kila ukipita unapungua, kwa hiyo namba ikawa inapanda huku unene unashuka. Mpaka leo iko hivo: 0X ni kama 0.28 milimita, na kila X moja inatoa 0.025 hivi, ndo maana 3X inakua 0.20, 4X ni 0.18, 5X ni 0.15. Kulinganisha na inzi, chukua namba ya ndoano gawanya kwa 3. Ndoano namba 12 inataka 4X, namba 16 inataka 5X. Sio sheria ya kufungwa jela, ila ukiweka ncha nene kwa inzi mdogo anakaa kama amepigwa ganzi majini, na ukiweka nyembamba kwa inzi mkubwa nailoni inajisokota.

Za dukani ni nzuri sina ubishi nazo, shida ni kuzipata huku na bei yake, na ukishabadilisha inzi mara kumi umeshakula ile ncha nyembamba yote umefika kwenye unene. Mimi nafunga mwenyewe kwa nailoni za kawaida za rola, hizi wanazonunua wavuvi wa ziwani. Kuna mgao mmoja rahisi, unahusishwa na Charles Ritz, mvuvi wa flai mwenye jina: asilimia 60 ya urefu iwe sehemu nene, 20 ya kupunguza, 20 ya ncha. Kwa vijito vyetu vyenye majani mpaka juu ya maji natumia lida ya sentimita 230, na mgao wangu ni huu, unene kwa milimita kwanza afu urefu: 0.45 sentimita 75, afu 0.40 sentimita 45, afu 0.35 sentimita 20, hapo unene umeisha. Kinachofuata ni 0.30, 0.25 na 0.20, kila moja sentimita 15, afu ncha 0.18 sentimita 45. Huo ni urefu ukishafunga, kwa hiyo kila kipande kata na ziada ya kuliwa na mafundo, naachaga sentimita kumi kila upande, bora ubaki na vipande kuliko upungukiwe. Usiruke, kutoka 0.40 ukaenda 0.25 moja kwa moja, fundo halitashika na nguvu itakatika hapo.

Kabla hujakata chochote pima. Maandishi ya kwenye rola saa ingine sio ya kweli, nimewahi kununua ya 0.20 nikaipima kwa venia, kile kipimo cha unene cha fundi chuma, ikasoma 0.26. Fundi yeyote wa kuchonga vyuma anayo, muombe vizuri dakika mbili tu. Na angalia rola lilikua limekaa wapi. Mwaka fulani nilinunua nailoni duka moja mjini, ilikua imening'inizwa barazani juani sijui miezi mingapi, nikaifanya ncha, nikampoteza trauti mzuri kuliko wote niliowahi kumwona mto Kiwira, hakuvuta hata kwa nguvu, aligeuka tu kichwa ikakatika tap. Jua linaua nailoni. Tangu hapo nafunga kipande kwenye mlango navuta kwanza, ikikatika kirahisi kuliko inavyotakiwa hainunuliwi au haitumiki.

Kuunga vipande natumia lile fundo la kusokota pande mbili, blad noti. Weka ncha mbili zipishane kama sentimita 12, sokota moja juu ya nyenzake mara 5 (zile nene mara 3 au 4 zinatosha), rudisha ncha katikati kwenye uwazi, shika hapo kwa kidole, sokota na ya pili upande wake, ncha yake ipite kwenye uwazi uleule ila itokee upande wa pili. Usikaze bado. Hapa ndo nilikua naharibu miaka yote mpaka mzee mmoja mvuvi wa Matema, kule Ziwa Nyasa, nilishamwamkia shikamoo nikakaa pembeni kwenye mtumbwi wake nafunga zangu, akanishika mkono akasema mwanangu, nailoni kavu ukiikaza inaungua. Akaliweka fundo mdomoni, akalilowesha mate, afu akavuta polepole. Ukiangalia kwa karibu unaona kabisa zile pete zinajipanga moja moja zinabana kutoka nje kuja katikati, ukiona moja imepanda juu ya nyenzake kata anza upya usijipe moyo kwamba litashika. Fundo lililoungua lina kama weupe hivi na nailoni pembeni yake imejikunja kunja kama nywele iliyopitiwa na moto.

Kwenye ile ya mwisho, 0.20 kwenda 0.18, kama vidole vimekufa ganzi na baridi ya asubuhi, na Juni mpaka Agosti huku ni baridi kweli, funga fundo la daktari, unalaza mbili pamoja unapiga kitanzi unapitisha mara tatu unalowesha unavuta. Halipendezi ila linashika, tena hilo ndo zuri ukitaka kuunga nailoni na fluorokaboni, ule uzi mwingine wa kuvulia.

Hiyo fluorokaboni watu wanaulizaga sana. Ni nzito kuliko nailoni kwa hiyo inazama haraka, nzuri kwa inzi wa chini ya maji, ila kwa inzi wa kuelea baki na nailoni, usilipe hela nyingi kununua kitu kitakachomvuta inzi wako azame. Na ni ngumu, haiozi, tena hata nailoni ya kawaida inakaa miaka mingi, kwa hiyo vipande ulivyokata weka mfukoni rudi navyo nyumbani, nimeshamfungua ndege mguu uliosokotwa na nailoni pale mtoni na sitaki kuona tena.

Kwenye mshipi, kama mshipi wako una kitanzi cha kiwandani, piga kitanzi kwenye 0.45 uviingize kitanzi kwa kitanzi, hakikisha vinakaa kama mikono miwili iliyoshikana na sio kimoja kumkaba mwenzake. Kama hauna, tumia mrija wa wino wa peni uliokwisha, weka mrija sambamba na mshipi, zungusha nailoni mara 5 juu ya vyote viwili, pitisha ncha ndani ya mrija, chomoa mrija kaza.

Nailoni ikitoka kwenye rola ina mizunguko kama springi. Kata kipande cha tyubu ya baiskeli, ukikunje, pitisha lida katikati ukivuta, joto la msuguano linainyoosha. Ila usisugue ile ncha kwa nguvu, utaichosha kabla samaki hajaigusa.

Urefu unabadilika na maji. Kwenye bwawa lililotulia naenda meta 2.7 mpaka 3.6, naongeza zaidi upande wa ncha na nashuka mpaka 0.15 maana maji yametulia na trauti ana muda wa kukagua. Upepo kama ule wa Kitulo ukianza, fupisha, hamna ubishi na upepo. Masika maji yakiwa na udongo fupisha tena na tumia 0.20 au hata 0.23, haoni vizuri na we utamhitaji umtoe kwenye magogo haraka. Sehemu nyingi mito iko ndani ya mashamba ya chai, misitu au hifadhi, kwa hiyo kibali kwanza, uliza wenyewe kabla hujashuka mtoni.

Afu ncha ikibaki sentimita 25 usisubiri ifike kwenye fundo, ikate yote, unga nyingine ya 45 palepale ukingoni. Lida ya hivo inakaa msimu mzima, mi nazikunja kila moja kwenye bahasha ndogo, nje naandika urefu na ncha yake kwa peni, nazitia kwenye kopo lenye kifuniko lisilopitisha jua.