SOMO: Samaki ndani ya mizizi, bango la kutetea mikoko

Habari zenu wadau. Leo tunatengeneza bango la kupinga ukataji holela wa mikoko. Samaki wengi wachanga hukulia kwenye mizizi ya mkoko, kwa hiyo anayekata boriti ovyo anamkatia mvuvi riziki. Samaki hatumchori. Tunachora mizizi tu, jicho la mtazamaji litammalizia.

Hatua ya 1. Anza na penseli. Chora mizizi miwili inayoshuka topeni: iachane, ibanane karibu na tope, kisha iachane tena. Uwazi wa juu ni mwili, palipobana ni shina la mkia, chini ni mkia wenyewe. Samaki amesimama, kichwa juu. Rudia mizizi ya namna hiyo kuvuka ukurasa, wapatikane samaki kadhaa.

Hatua ya 2. Fungua Inkscape (programu ya bure ya kuchorea kwenye kompyuta), ukurasa wa A3, milimita 297 kwa 420. Pitisha zana ya kalamu juu ya mchoro wako. Mizizi nyeusi tii, kwingine kote nyeupe.

Hatua ya 3. Hapa msiharakishe. Mwaka 1915 Edgar Rubin, mwanasaikolojia wa Denmark, alionyesha kwa mchoro wa chombo cha maua na nyuso mbili kwamba ukingo mmoja huonekana kuwa wa umbo moja tu kwa wakati. Tunataka zamu hiyo: mara mzizi, mara samaki. Mizizi ikinenepa mno, samaki anamezwa. Ikiwa myembamba mno, inageuka kamba. Unene wa mzizi ukaribiane na upana wa samaki. Halafu weka nukta ya jicho kwa samaki mmoja tu. Jicho likishamnasa huyo, wengine wanajitokeza.

Hatua ya 4. Nusu ya kulia, kata mizizi, bakisha visiki. Samaki hayupo tena, maana hana ukingo wa kumshika. Ujumbe wote uko hapo. Tafadhali msiongeze fuvu wala damu. Shigeo Fukuda, mbunifu wa mabango wa Japani, kwenye bango lake *Victory 1945* la mwaka 1975, alichora mtutu wa mzinga na kombora linalourudia, basi. Ukilitazama huhitaji maiti hata moja.

Hatua ya 5. Mstari mmoja chini: "Ukikata mizizi, samaki hana kwao." Hifadhi PDF.

MASWALI

Swali: Kaka, kila ninayemwonyesha anaona mizizi tu.
Jibu: Futa vijizizi vidogo vinavyokatiza umbo, kisha bana zaidi shina la mkia. Ipunguze picha iwe kama kidole gumba. Samaki akipotea hapo, bado hajakaa.

Swali: Naweza kumpaka samaki bluu?
Jibu: Peke yake hapana, dada, utakuwa umemchora. Paka bluu sehemu yote nyeupe, pande zote mbili.

Swali: Wazee wa kijijini watalielewa?
Jibu: Mizizi hiyo wanaijua kuliko sisi. Tumia umbo la samaki wanayemvua, mfano mkizi, mwili wake mrefu unakaa vizuri kati ya mizizi. Kabla ya kuchapa, peleka nakala moja dikoni kwa wavuvi. Wakisema mkia si wa mkizi, rekebisha mkia.