Umetengeneza gitaa kwa mikono yako na unataka kuwapa wanajeshi wastaafu? Soma hii kabla hujalifunga kwenye boksi

Kosa la kwanza tunalofanya watengenezaji, na mimi nimo, ni kumaliza gitaa, kulipiga picha, alafu kulituma. Mimi niliwatumia watu wa shirika linalowafundisha wanajeshi wastaafu gitaa bila hata kuuliza, wakanijibu kwa adabu kabisa kwamba ni zuri ila nyuzi ziko juu mno, mwanafunzi wao hawezi kulibonyeza. Niliona aibu siku nzima. Kwa hiyo anza na meseji moja tu: mnapokea vyombo vilivyotengenezwa kwa mkono? mnataka aina gani? mna mtu anayepiga kwa mkono wa kushoto?

Ukitaka kuelewa kwa nini wanachagua chagua, angalia wanavyofanya kazi. Guitars for Vets ya Marekani, iliyoanzia Milwaukee mwaka 2007, inampa mstaafu masomo 10, akimaliza anapewa gitaa lake. Maana yake chombo kinaenda kwa mtu aliyeanza juzi, vidole bado laini, pengine mkono una jeraha, na usiku halali vizuri. Huyo hana shida na urembo wa magamba ya chaza uliokutoa jasho wiki tatu. Yeye anataka kodi ya G (zile nyuzi kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) itoke bila maumivu.

Sasa hapa ndo kazi ilipo, usiharakishe. Pima kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo), uwazi kati ya freti na uzi mnene uwe kama milimita 2.5 na kwa uzi mwembamba kama 2, hayo ni ya gitaa la nyuzi za chuma. Ukikuta ni 3 na kitu, shusha ule mfupa wa kwenye daraja (kile kibao cha tumboni kinachoshika nyuzi), lakini pia angalia mfupa wa juu kabisa shingoni maana wengi tunausahau, mifereji yake ikiwa haijachimbwa vya kutosha hata kodi ya F inakuwa adhabu, piga tupa kidogo kidogo, ukizidisha uzi unaanza kuzomea kwenye freti na hapo unaanza upya. Pitisha kiganja pembeni mwa shingo, freti ikikukwaruza itamkwaruza na yeye. Funga nyuzi mpya nyepesi. Na kama bado hujaanza kutengeneza, fikiria ukulele: nyuzi 4 tu, za nailoni, mwili mdogo, mtu aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu anaushika bila kuhangaika.

Kuna wakati watakuambia wazi kwamba gitaa lako watalinadi, hela inunue magitaa kadhaa ya kawaida. Usinune. Ukishatoa umetoa, na ukiweka masharti ya nani apewe unawapa mzigo tu.

Habari ya kodi, hii ya serikali sasa sio ya G. Marekani mchango wa kuanzia dola 250 unahitaji barua ya shukrani kutoka kwa shirika, na ukidai punguzo la zaidi ya dola 500 kwa vitu ulivyotoa unajaza fomu 8283. Ila wewe uliyelitengeneza mwenyewe huwezi kudai bei ya dukani, unadai gharama ya vifaa tu, zile saa 200 za kazi yako hazihesabiki. Inauma lakini ndo sheria, kwa hiyo tunza risiti za mbao na gundi. Nchi zingine zina utaratibu wao, uliza huko.

Kama linavuka mpaka angalia mbao. Mpingo na ndugu zake wa jamii ya Dalbergia wako kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, japo tangu mwisho wa 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika haviombi kibali, isipokuwa ile mbao ya rosewood ya Brazil, nayo ni Dalbergia, ambayo masharti yake ni makali zaidi. Pembe za ndovu usithubutu.

Kufunga: legeza nyuzi hatua moja au mbili, usizitoe zote. Jaza nguo au karatasi chini ya kichwa na chini ya shingo ndani ya kesi, maana boksi likidondoka gitaa linavunjikia hapo shingo inapokutana na kichwa. Kesi isicheze ndani ya boksi. Usiliache kwenye gari juani, gundi inalainika na daraja linabanduka.

Ndani ya kesi weka seti ya nyuzi za akiba, ule ufunguo wa kurekebisha chuma cha shingo, na karatasi yenye mwaka, aina za mbao na saizi ya nyuzi. Ukipata ujumbe kuwa limefika inatosha, usiombe picha ya aliyepewa, wengine hawapendi kabisa kujulikana.